Amua Kabla Hujaenda Kumwona Mbwa

Mahali pabaya kabisa pa kuamua kama nyumba yenu inafaa kufuga mbwa ni mbele ya wavu wa kituo cha kuokoa wanyama. Pale kuna macho yanayokutazama na mkia unaotikisika, na mtoto wako ameshampa mbwa jina. Kwa wakati huo hakuna anayekumbuka mkataba wa nyumba, kazi ya zamu, wala mama mkwe atakayekuja Desemba. Mambo hayo hukumbukwa wiki ya tatu, mbwa akiwa ameshatafuna kiatu na jirani ameshapiga simu mara mbili. Hapo ndipo baadhi ya mbwa hurudishwa walikotoka, na wengine, kwa aibu ya kuwarudisha, hufunguliwa geti usiku wapotee wenyewe.

Kwa hiyo fanyeni hesabu mkiwa bado nyumbani, kabla sura ya mbwa yeyote haijaingia akilini. Maswali yaliyo hapa chini yamepangwa kwa makusudi: yale yanayoweza kusimamisha safari nzima yametangulia. Mkikwama katika moja, malizeni hilo kwanza. Msiliruke kwa kutumaini kwamba mambo yatajipanga mbwa akishafika.

Mnamtaka wa nini?

Ulizaneni bila kuoneana haya. Katika miji yetu, wengi wanaotafuta mbwa wanatafuta ulinzi. Bango la "Mbwa Kali" limebandikwa kwenye mageti mengi ya Nairobi, mengine hata yasiyo na mbwa ndani. Si kosa kutaka mnyama atakayebweka mtu akitikisa geti saa nane za usiku. Lakini mbwa aliyeokolewa hawi mlinzi siku anayoshuka kwenye gari. Huenda alipigwa, alitupwa au aligongwa na pikipiki, na wiki za mwanzo anaweza kujificha chini ya gari akisikia tu mlio wa sufuria. Ataanza kulinda akishajua kwamba hapa ni kwake, na hilo atalijua kwa kulishwa, kuguswa na kuzungumzishwa na watu wale wale kila siku.

Ukiwa na mpango wa kumfungia kwenye kibanda mchana kutwa na kumfungulia saa nne usiku, usimchukue. Mbwa wa namna hiyo hajifunzi kumtofautisha mgeni na mwizi. Hujifunza kuogopa kila kinachosogea, na mbwa mwoga ndiye anayemng'ata mtoto aliyeingia kuokota mpira. Tena sheria haikuungi mkono: Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumnyima mnyama maji na chakula au kumtesa kwa namna ya kumfunga kunaweza kukufikisha mahakamani. Kama wezi wanakusumbua wiki hii, tengeneza ua, weka taa, ajiri mlinzi. Habari ya mbwa ije baadaye, kwa utulivu.

Mwingine anataka mwenzi wa kukimbia naye alfajiri. Mwingine anamtafutia mzee mwenzi baada ya watoto wote kuhamia mjini. Mwingine anataka watoto wakue na mnyama. Kila nia ina mbwa wake. Wa kukimbia awe kijana mwenye nguvu. Wa mzee awe mbwa mzima mtulivu asiyevuta kamba. Wa watoto awe aliyewahi kuishi na watoto. Andikeni nia yenu katika sentensi moja kwenye karatasi, mtakwenda nayo kituoni. Mkishindwa kukubaliana juu ya sentensi hiyo, hamtakubaliana juu ya mbwa.

Nani hasa atakayemtunza?

"Sote tutasaidiana" ni jibu linaloishia kwa mbwa mwenye bakuli tupu. Taja jina la mtu mzima mmoja. Yeye ndiye atakayejua kwamba leo mbwa hakula, kwamba anakuna sikio kuliko jana, kwamba chanjo inaisha mwezi ujao. Wengine watasaidia, lakini mzigo uwe na mwenyewe.

Mtoto wa miaka kumi anaweza kujaza maji na kumpiga brashi. Hawezi kuwa msimamizi, hata akila kiapo mezani. Ana mitihani, ana homa, ana marafiki, na miaka minane baadaye huenda yuko chuoni mji mwingine huku mbwa angali hai.

Kuna mtu mmoja anayesahauliwa karibu kila mara katika kikao hiki: dada wa kazi. Nyinyi mnaondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku, na yeye ndiye atakayeshinda na mbwa. Ndiye atakayeokota kinyesi na kufua kilicholaliwa. Muulizeni kabla, na muulizeni kwa namna ambayo "hapana" inawezekana. Kama anaogopa mbwa, kwa sababu aliumwa utotoni au kwa sababu nyingine yoyote, uamuzi wenu umeshapatikana, au mtafute mtu wa nje wa kazi hiyo. Kama anakubali, kazi imeongezeka, na mshahara uongezeke. Mlinzi wa getini naye aulizwe, maana ndiye atakayekuwa peke yake na mbwa usiku.

Wale wenye pumu au mzio katika familia wasikisie. Waende wakae nyumba ya rafiki mwenye mbwa, saa moja au mbili, zaidi ya mara moja, waone vifua vyao vinasemaje.

Kisha kuna dini. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Madhehebu hayo hayo yanaruhusu kufuga mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa kuchunga mifugo, na madhehebu ya Maliki yana mtazamo mwepesi zaidi kuhusu mate yenyewe. Kwa hiyo jibu la nyumba moja ya Mombasa linaweza kutofautiana na la nyumba ya pili, hata zikiwa zinatazamana. Jambo la msingi ni kulizungumza mapema na kwa undani. Mbwa atalala wapi? Vyombo vyake vitaoshewa wapi? Nguo za swala zitaanikwa upande gani? Bibi anayeswalia barazani ataendelea kuswalia hapo? Mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya kwenda kituoni. Kumuuliza baada ya watoto kumzoea mbwa ni kumtafutia sheikh lawama.

Nyumba inaruhusu?

Mkiwa wapangaji, ruhusa ya mwenye nyumba ipatikane kwa maandishi. Neno la simu kutoka kwa msimamizi wa ploti halitoshi, kwa sababu msimamizi hubadilika na mwenye nyumba husahau. Jiulizeni pia mara ya mwisho mlihama lini, na kwa nini. Familia inayofuata kazi kutoka Nairobi kwenda Kisumu na kurudi itatafuta nyumba inayokubali mbwa kila mara, na si nyingi. Kama hamjui mtakuwa wapi mwaka kesho, hilo tayari ni jibu la kutosha kwa sasa.

Ghorofa si kizuizi peke yake. Mbwa mzima, mtulivu, anayetolewa nje kwa wakati anaweza kuishi vizuri ghorofa ya tatu, ilhali mbwa mwenye eka nzima na hakuna wa kumtazama huishi vibaya. Ila katika ghorofa sauti husafiri. Zungumzeni na jirani wa ukuta mmoja mapema. Mbwa aliyezoea wenzake wengi kituoni anaweza kulia akiachwa peke yake siku za mwanzo, na jirani aliyejulishwa huvumilia kuliko aliyeshtukizwa.

Mwenye kiwanja akague ua wake akiwa amechutama, kwa kimo cha mbwa. Ua wa michongoma humzuia ng'ombe, lakini chini yake huwa na matundu ambayo mbwa wa mtaani anayajua kuliko wewe. Geti la vyuma vilivyoachana humpitisha mtoto wa mbwa. Katika kiwanja cha pamoja, penye familia tano na watoto wa kila umri, geti hufunguliwa mara nyingi kwa siku na kila mtu humwachia mwenzake kazi ya kulifunga. Mahali kama hapo kubalianeni na majirani wote, au ngojeni.

Tazameni pia nani mwingine anaishi hapo. Mbwa aliyejilisha mwenyewe jalalani anaweza kumwona kuku kama chakula, na hana hatia kwa hilo. Kama kuku wenu hutembea huru, jengeni banda kwanza. Kama mna paka, waulizeni wa kituo kama mbwa husika amewahi kuwekwa karibu na paka, na alifanya nini.

Jaribuni wiki mbili bila mbwa

Watu hupima muda wao kwa matumaini. Upimeni kwa miguu. Yule mtu mmoja mliyemtaja aamke kila asubuhi saa ambayo angemtoa mbwa, azunguke mtaa nusu saa, kisha afanye hivyo tena jioni akitoka kazini. Afanye hivyo kwa wiki mbili, hata mvua ikinyesha, hata mechi ikiwa kwenye televisheni. Kamba mkononi haihitajiki. Wiki ya pili ikimalizika kwa visingizio, mmepata jibu kwa gharama ya jasho kidogo, na hakuna mnyama aliyeumia.

Wakati huo huo hesabuni saa ambazo nyumba hubaki tupu. Mbwa mzima anaweza kuvumilia saa kadhaa peke yake akishazoea. Mtoto wa mbwa hawezi: anahitaji kutolewa nje kila baada ya saa mbili au tatu, hutafuna kila kilicho chini ya goti, na mfululizo wa chanjo zake huendelea hadi umri wa takriban wiki 16. Nyumba ambayo watu wote wazima hutoka asubuhi na kurudi jioni haifai kwa mtoto wa mbwa, hata apendeze namna gani.

Halafu kuna Desemba. Mkienda ushago kwa wiki tatu, nani atabaki? Jirani anayerusha mkate juu ya ukuta si mpango. Tafuteni jina la mtu au mahali pa kulipia, na muulize bei yake sasa, kwa sababu itaingia katika hesabu inayofuata.

Mfuko utahimili?

Ada ya kumchukua mbwa kituoni kwa kawaida ni ndogo ikilinganishwa na gharama zilizokwisha kutumika juu yake: vituo vingi humtoa akiwa ameshachanjwa, amepewa dawa ya minyoo, na amehasiwa au kufungwa kizazi. Ada hiyo huwadanganya watu wakadhani wamemaliza. Gharama yenyewe iko katika miaka inayofuata, na mbwa mwenye matunzo mazuri anaweza kuishi miaka 10 hadi 15.

Pigeni simu kliniki mbili za wanyama zilizo karibu nanyi, muulize bei ya mambo matano: chanjo ya kichaa cha mbwa ya kila mwaka, chanjo ya pamoja inayozuia parvo na distempa, dawa ya minyoo, dawa ya kupe na viroboto, na gharama ya kumwona daktari kwa dharura usiku. Kupe msiwadharau. Katika nchi zetu homa zinazoletwa na kupe ni miongoni mwa magonjwa yanayowapeleka mbwa kliniki mara kwa mara, na tiba yake hugharimu kuliko dawa ya kinga.

Chakula nacho. Mbwa wa kilo 20 hula takriban gramu 250 hadi 350 za chakula kikavu kwa siku, yaani kati ya kilo 7 na 10 hivi kwa mwezi. Mkitaka kumpikia, inawezekana, lakini ugali mtupu haumtoshi. Anahitaji protini: dagaa, matumbo yaliyochemshwa yakaiva, mayai. Nyama mbichi ya matumbo, mapafu na maini iepukwe, kwa sababu ndiyo njia ambayo mbwa hupata minyoo ya hidatidi kisha kuwaambukiza watu. Turkana imeteseka na ugonjwa huo kwa miaka mingi. Unga ulioota ukungu, ule ambao watu husema "huu ni wa mbwa tu", unaweza kuwa na sumu ya aflatoksini inayoharibu ini la mbwa kama inavyoharibu la binadamu. Vitunguu, chokoleti na zabibu havimfai, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali tumboni.

Jumlisheni gharama zote za mwaka, mgawe kwa miezi kumi na miwili, kisha kwa miezi mitatu wekeni kiasi hicho kando kwenye simu kama vile mbwa ameshafika. Mkifika mwezi wa tatu bila kukigusa, mfuko unahimili, na mna akiba ya kuanzia. Mkikigusa kulipia ada ya shule, subirini.

Watoto, kung'atwa na kichaa

Hapa msikimbie. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Mbwa ndio wanaosababisha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, na karibu asilimia 40 ya waathirika ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini ugonjwa huu huzuilika kabisa. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilizorudiwa mwaka baada ya mwaka ziliukomesha. Kwa maana hiyo mbwa aliyechanjwa anayeishi ndani ya ua wenu ni hatari ndogo kuliko yule asiye na mwenyewe anayezunguka njia ya shule.

Kabla ya mbwa kuja, kila mtu nyumbani, hata mdogo kabisa, ajue kanuni hizi. Mbwa anayekula haguswi. Mbwa aliyelala haamshwi kwa kushikwa. Mbwa aliyejificha hafuatwi. Hakumbatiwi shingoni wala kupandwa mgongoni. Mtoto wa chini ya miaka sita haachwi peke yake na mbwa, hata kama ni mpole kama kondoo. Na mtu yeyote aking'atwa au kuchubuliwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Msipake pilipili, mafuta ya taa wala dawa ya mganga.

Kama mna mtoto anayetambaa, au mzee anayetembea kwa mkongojo na kuweza kuangushwa, msione aibu kungoja mwaka mmoja au miwili. Mtoto akifika umri wa kuelewa "mwache anakula", nusu ya hatari imeondoka.

Mkiwa kituoni

Mkishavuka hayo, nendeni. Nairobi kuna kituo cha KSPCA, upande wa Karen kando ya Barabara ya Lang'ata. Karibu na Arusha kuna kituo kiitwacho Mbwa wa Africa. Miji mingine ina watu na vikundi vidogo vinavyofanya kazi hiyo hiyo. Taratibu hutofautiana, lakini kituo makini kitawauliza maswali mengi na pengine kitataka kuiona nyumba yenu. Msikasirike. Kituo kinachomkabidhi mbwa kwa mtu yeyote aliyekuja na pesa ndicho cha kutiliwa shaka.

Wengi mtakaowaona ni mbwa wa kienyeji, wale wanaoitwa koko, na machotara wa German Shepherd na aina nyingine zilizonunuliwa kwa mbwembwe kisha zikachosha watu. Koko asidharauliwe. Ana nywele fupi zisizohitaji kinyozi, umbo la wastani, na uzoefu wa jua letu. Kwa nyumba ya watu wanaofanya kazi, ushauri wangu ni mbwa mzima wa miaka miwili au zaidi: ukubwa wake mnauona, tabia yake kwa sehemu kubwa imeshatulia, na hatawashangaza kwa kukua mara tatu.

Ulizeni na muandike majibu:

- Alifikaje hapa, na amekaa muda gani?
- Amechanjwa nini, lini, na cheti kiko wapi?
- Amehasiwa au kufungwa kizazi? Kama bado ni mdogo, nani atagharamia na lini?
- Amewahi kung'ata? Ilikuwa katika hali gani?
- Yukoje na watoto, wanaume wageni, mbwa wengine, paka?
- Mtu akisogelea bakuli lake, hufanya nini?
- Mambo yakishindikana, mtampokea tena?

Swali la kizazi lina uzito. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 na anaweza kuzaa hadi mara mbili kwa mwaka. Mbwa mmoja asiyefungwa kizazi anaweza kuwageuza nyinyi kuwa chanzo cha watoto wa mbwa watakaotupwa kwenye boksi kando ya soko.

Nendeni mara mbili, siku tofauti na saa tofauti, na safari ya pili nyumba yote iwepo. Ombeni kumtoa mbwa kwenye wavu, kwa sababu ndani ya wavu kila mbwa ni mwingine. Kaeni chini, msimkazie macho, mwacheni aje mwenyewe. Anayekuja kunusa, akaondoka, akarudi, anawapima kwa amani. Aliyekakamaa, mkia katikati ya miguu, anayelamba midomo na kugeuza uso huku weupe wa macho ukionekana, anawaomba mmwachie nafasi. Huyo si mbwa mbaya, ila anahitaji nyumba tulivu yenye mtu mzoefu, na mnajua kama nyinyi ndio hao. Huruma itawavuta kumchagua anayetetemeka kuliko wote. Toeni ile karatasi yenye sentensi ya nia yenu, muisome tena.

Siku za mwanzo si kipimo

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa ongezeni siku. Wanaofanya kazi ya kuokoa mbwa hutumia kadirio rahisi: siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kujifunza ratiba, miezi mitatu ya kuona kwamba hapa ni kwake. Hula kidogo siku ya kwanza, huenda akakojoa ndani, huenda akalia usiku. Anayekuwa mpole kupita kiasi wiki ya kwanza anaweza kuanza kubweka na kudokoa wiki ya tano, kwa sababu woga umemtoka.

Basi katika kuamua kwenu, swali liwe hili: mna miezi mitatu ya utulivu mbele yenu? Msimchukue wiki ya harusi, mwezi wa kujifungua, wala siku chache kabla ya fataki za mwaka mpya, ambazo humfanya mbwa mgeni aruke ua na kutokomea. Chagueni kipindi kisicho na wageni. Andaeni kona moja ya kulala, bakuli mbili, mkanda wa shingoni wenye namba ya simu, na kamba imara. Wiki ya kwanza apelekwe kwa daktari wa mifugo ili afahamike akiwa mzima.

Jibu likiwa "bado"

Watu husema ndiyo kwa sababu wanadhani hapana inamaanisha hawana roho. Kuna mengi kati ya hayo mawili. Baadhi ya vituo hutafuta nyumba za kumhifadhi mbwa kwa muda, wiki chache tu wakati anapona au anangoja familia. Ni njia nzuri ya kujijua bila kujifunga. Vituo hupokea mataulo ya zamani, magazeti, unga mzuri na dagaa. Vingine hukubali watu wa kuwatembeza mbwa wikendi. Kampeni ya chanjo ya kichaa ikipita mtaani, mpeleke mbwa wa jirani mzee ambaye hawezi kutembea hadi kituo cha chanjo. Hayo yote huwasaidia mbwa, na hayahitaji ruhusa ya mwenye nyumba.

Jibu likiwa ndiyo, liwe na vitu vitano vinavyoonekana: sentensi ya nia iliyoandikwa, jina la msimamizi aliyemaliza wiki mbili za kutembea, ruhusa ya maandishi kwa aliyepanga, akiba ya miezi mitatu, na mtu wa Desemba. Kikikosekana kimoja, endeleeni kukitafuta. Vikitimia vyote, pigeni simu kituoni muulize saa za kutembelea. Mtoto anaweza kuanza kufikiria jina.